Darasa moja, bei tatu: ukaazi unavyoamua ada yako katika chuo cha jamii Marekani

Katika chuo cha ufundi cha umma pale Georgia, watu watatu wanaweza kukaa dawati moja, wakafundishwa na mwalimu mmoja, na kila mmoja akawa amelipa ada tofauti. Aliyetambuliwa kuwa mkaazi wa jimbo analipa $100 kwa krediti, kile kipimo cha uzito wa somo. Aliyehamia juzi kutoka Ohio analipa $200. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi kutoka Mwanza au Eldoret analipa $400. Kwa muhula wa krediti 12 hiyo ni $1,200, $2,400 na $4,800, kabla ya vitabu na michango mingine.

Ndiyo maana swali la "chuo gani ni rahisi?" halina jibu mpaka ujue wewe ni nani machoni pa ofisi ya udahili. Bei inayotangazwa kwa herufi kubwa ni ya mwenyeji. Huenda si yako, au si yako bado. Linganisho ninaloleta hapa linaanza na hali yako ya karatasi, kisha majimbo, kisha uamuzi unaowasumbua wageni wengi zaidi: kuanza masomo sasa kwa bei ya juu au kusubiri.

Kwa nini bei inatofautiana

Vyuo vya jamii, hizi komyuniti koleji za miaka miwili, vinaendeshwa kwa ada, kwa fedha za jimbo, na katika majimbo mengi kwa kodi ya nyumba na ardhi inayokusanywa na kaunti au wilaya ya chuo. Hoja yao ni kwamba aliyekwisha kuchangia kupitia kodi asilipishwe sawa na aliyeingia jana. Mpangaji naye anahesabiwa kuwa amechangia, kwa sababu mwenye nyumba anailipa kodi hiyo kutokana na kodi ya pango. Kwa hiyo usikate tamaa kwa kuwa huna nyumba yako.

Hapo ndipo zinapotoka ngazi. California wana mbili: mkaazi wa jimbo na asiye mkaazi. Maryland na Texas wana tatu: wa kaunti au wilaya ya chuo, wa jimbo lakini wa kaunti nyingine, na wa nje ya jimbo. Dallas College, kwa mfano, kwa miaka kadhaa kuanzia 2020 ilitoza $79 kwa krediti kwa mkaazi wa Kaunti ya Dallas, $135 kwa Mteksasi wa kaunti nyingine, na $200 kwa wa nje. Tazama pengo kati ya bei ya kwanza na ya pili: ni pengo la kuvuka mpaka wa kaunti tu. Anayetafuta nyumba ya kupanga na anajua atasoma mwakani, aulize kwanza nyumba iko upande gani wa mpaka.

Kadi ya kijani, ukimbizi, viza ya mwanafunzi: tofauti iko wapi

Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, iwe ya bahati nasibu ya viza au ya kuletwa na familia, anaruhusiwa kuwa mkaazi wa jimbo lolote. Saa yake inaanza kuhesabu siku anapohamia jimboni kwa nia ya kubaki. Hapo kinachomtenganisha na bei ya mwenyeji ni muda na ushahidi.

Wakimbizi waliopokewa rasmi, kama maelfu ya Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kufikia Marekani, wako katika nafasi hiyohiyo, na mahali pengine bora zaidi. California ina sheria inayowasamehe ada ya wasio wakaazi wakimbizi waliofikia moja kwa moja California, kwa kipindi wanachohitaji ili wawe wakaazi. Aliyefikia kwanza jimbo jingine kisha akahamia huko hafaidiki na msamaha huo. Kwa hiyo kama mhudumu wa shirika linalowapokea wakimbizi anakuuliza kama ungependa kumfuata ndugu yako jimbo jingine, na una watoto wa umri wa chuo, jambo hili nalo liingie kwenye mazungumzo.

Mwenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, anahitaji kuambiwa ukweli mapema. Katika majimbo mengi, miaka anayokaa kwa viza hiyo haimfanyi kuwa mkaazi kwa ajili ya ada, hata akae minne, hata awe na leseni ya udereva na mkataba wa pango. Viza yenyewe aliipata kwa kuthibitisha kwamba atarudi nyumbani, na chuo kinasoma hilo kama kukana nia ya kubaki. Zaidi ya hapo lazima asome muda wote, kwa kawaida krediti 12 kwa muhula, hivyo hawezi kupunguza makali kwa kuchukua somo mojamoja. Na kati ya krediti hizo, somo moja tu la mtandaoni, lisilozidi krediti tatu, ndilo linalohesabiwa. Mzazi anayeuza kiwanja Kibaha ili amlipie mtoto muhula wa kwanza akitarajia kwamba mwaka wa pili bei itashuka, anajenga hesabu juu ya kitu ambacho hakitatokea.

Viza za kazi ni habari nyingine. Mwenye H-1B, pamoja na mwenzi na watoto wake wenye H-4, anaweza kuhesabiwa mkaazi katika majimbo kama California. Mke au mume wa mwanafunzi, yule wa F-2, anaruhusiwa kusoma lakini si muda wote, na ada yake kwa kawaida ni ya mgeni.

Aliyepewa hifadhi ya kisiasa anafanana na mkimbizi. Ambaye ombi lake bado liko mezani yuko mahali pagumu zaidi, maana kila jimbo lina kanuni zake na msaada wa masomo wa serikali kuu humpata mtu baada ya hifadhi kukubaliwa. Huyu asijaze fomu akikisia. Achukue risiti ya ombi na kibali cha kazi, aende ofisi ya udahili, aombe jibu kwa maandishi.

Kwa vijana waliokulia Marekani bila karatasi, jimbo ndilo linaloamua karibu kila kitu. California, kupitia sheria ya AB 540 ya mwaka 2001, inawatoza bei ya mwenyeji waliosoma sekondari za jimbo hilo miaka mitatu na kuhitimu, na sheria ya 2017 ikapanua njia za kutimiza miaka hiyo. New York ina mpango unaofanana, kwa waliosoma sekondari ya huko angalau miaka miwili na kuhitimu. Texas ilikuwa ya kwanza kupitisha sheria ya aina hii mwaka 2001, lakini Juni 2025 serikali kuu iliishitaki, jimbo likakubaliana na madai, na jaji wa shirikisho akaizuia sheria hiyo kwa wasio na hadhi halali. Vijana waliokuwa katikati ya masomo walijikuta bei imebadilika. Kama una hadhi yoyote halali na uko Texas, usikubali kuwekwa kundi moja na wengine kwa sababu karani hakuuliza vizuri. Peleka karatasi zako na uombe hali yako ipitiwe upya.

Mtoto wa dada

Hili linahitaji nafasi yake, kwa sababu katika familia zetu ni jambo la kawaida kabisa. Binti wa miaka 18 anakuja na kadi ya kijani, anakaa kwa mjomba wake Maryland au Texas, na mjomba analipa kila kitu. Kwetu huyo ni mzazi. Chuo hakioni hivyo. Katika majimbo mengi, ukaazi wa kijana anayetegemea wengine unafuata ukaazi wa wazazi wake au wa mlezi aliyeteuliwa na mahakama. Kama mama yuko Tabora na mjomba hana hati ya mahakama, binti anaweza kuhesabiwa wa nje hata akikaa miaka miwili.

Njia iliyo wazi kwake ni kujitegemea kwa ushahidi: afanye kazi, awe na mshahara kwa jina lake, ajaze kodi ya mapato mwenyewe, na asiandikwe kuwa tegemezi kwenye kodi ya mtu mwingine. Hapa ndipo nia njema ya mjomba humrudisha nyuma mtoto, anapomwandika kwenye kodi yake ili apate nafuu kidogo. Kabla ya msimu wa kodi, kaeni mezani mpige hesabu: ile nafuu ya kodi ni kubwa kuliko tofauti ya ada? Mara nyingi si kubwa.

Majimbo yakiwekwa pamoja

Haya ni baadhi ya majimbo ambako jamii zetu zimekaa kwa wingi. Ada hupitiwa na bodi za vyuo mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kazi ya jedwali hili ni kukuonyesha umbo la tofauti.

| Jimbo | Muda wa kukaa kabla ya bei ya mwenyeji | Mwenyeji | Mgeni |
|---|---|---|---|
| California | Mwaka mmoja na siku moja | $46 kwa uniti (ndiyo krediti kwa jina la huko) | $46 pamoja na nyongeza ya chuo, mara nyingi $300 au zaidi kwa uniti |
| New York, vyuo vya jamii vya CUNY (mfumo wa vyuo vya umma vya Jiji la New York) | Mwaka jimboni, miezi 6 katika kaunti | $2,400 kwa muhula mzima, au $210 kwa krediti | $320 kwa krediti |
| Georgia, vyuo vya ufundi | Miezi 12 | $100 kwa krediti | $200. Mwanafunzi wa kimataifa $400 |
| Maryland | Miezi 3 | Bei ya kaunti | Kaunti nyingine karibu mara mbili. Nje ya jimbo zaidi ya hapo |
| Massachusetts | Miezi 6 | Bei ya jimbo | Bei ya nje |
| Texas | Miezi 12 | Ngazi mbili: wilaya ya chuo, jimbo | Bei ya nje |
| Minnesota | Katika vyuo vingi ada haitegemei ukaazi | Ada moja | Ada ileile |

California ndiyo yenye bei ya chini kuliko zote kwa mwenyeji, na hiyo $46 haijabadilika tangu 2012. Mwenye kipato kidogo anaweza hata kusamehewa hiyo kupitia California College Promise Grant. Lakini pengo lake na mgeni linatisha. Chukua chuo kinachoongeza $350: uniti 12 kwa mwenyeji ni $552, kwa mgeni ni $4,752. Hakuna jimbo jingine katika jedwali hili ambako kusubiri mwaka kunaokoa fedha nyingi kiasi hicho.

New York pengo ni dogo zaidi. Krediti 15 kwa mgeni ni $4,800, mara mbili ya mwenyeji. Lakini pana kikwazo kinachowanasa hata wenyeji. Ukiishi kaunti moja na kusoma chuo cha jamii cha kaunti nyingine, unahitaji cheti cha ukaazi kutoka kaunti yako. Usipokileta kwa wakati unaweza kutozwa bei ya mgeni ingawa umezaliwa Buffalo. Cheti kinaombwa kila mwaka wa masomo, karibu na tarehe ya kuanza, si miezi sita kabla.

Maryland inawapendelea wanaoanza maisha. Miezi mitatu ni muda mfupi sana ukilinganisha na kwingine, na kwa familia za Kikenya zilizo nyingi maeneo ya Baltimore, mtu aliyefika Mei na kupanga nyumba kwa jina lake anaweza kuingia muhula wa vuli kwa bei ya kaunti. Kama una ndugu Maryland na ndugu Texas, una kadi ya kijani mpya, na lengo lako la kwanza ni masomo, mimi ningekwenda Maryland.

Massachusetts inahitaji miezi sita ili upate bei ya jimbo katika vyuo vya jamii. Baada ya mwaka linafunguka jambo kubwa zaidi: tangu vuli ya 2024, mpango wa MassEducate unalipa ada na michango ya lazima kwa wakaazi wasio na shahada ya kwanza. Waafrika Mashariki wa Lowell na Worcester wanaofanya kazi za kuhudumia wazee na wanaota kuwa wauguzi wasiuache mpango huu upite. Angalia tu kifungu cha shahada: aliyemaliza chuo kikuu Nairobi au Dodoma hahesabiwi.

Minnesota ni jibu la wale ambao ukaazi umewafungia mlango kwingine. Vyuo vingi vya miaka miwili vya mfumo wa Minnesota State vimeamua kutoza ada moja kwa wote. Bei hiyo ni ya juu kuliko ya mwenyeji wa California, lakini kwa mtu wa F-1 linganisho lake si na mwenyeji wa California, ni na mgeni wa California. Mwombe ofisa wa wanafunzi wa kimataifa akuthibitishie kwamba chuo chake ni miongoni mwa hivyo. Mwenyeji naye ana lake: tangu vuli ya 2024, North Star Promise inafuta ada na michango kwa mkaazi ambaye mapato ya familia yake yako chini ya $80,000 kwa mwaka.

Kuanza sasa au kusubiri

Ushauri unaosikika sana makanisani na misikitini ni huu: fanya kazi mwaka mmoja kwanza, shule baadaye ikiwa rahisi. Kwa California una mashiko. Kwa Georgia siukubali, na sababu yake ni Pell Grant.

Pell ni msaada wa serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, na haurudishwi. Unaombwa kwa fomu ya FAFSA. Mwenye kadi ya kijani anastahili kuomba, na wakimbizi na waliopewa hifadhi wamo katika orodha ya wasio raia wanaostahili. Pell haiulizi umekaa jimboni muda gani. Kwa mwaka wa masomo 2025 hadi 2026 kiwango chake cha juu ni $7,395. Sasa weka hesabu ya Georgia: bei ya mtu wa jimbo jingine kwa mihula miwili ya krediti 12 ni $4,800. Anayepata Pell kamili analipiwa yote hata kabla hajawa mkaazi, na kinabaki cha vitabu na nauli. Kusubiri kungempotezea mwaka bure. Akishatimiza ukaazi, anaweza pia kuomba HOPE Grant ya jimbo kwa kozi za vyeti na diploma za ufundi.

Chukua hesabu hiyohiyo uipeleke California: mihula miwili kwa mgeni ni $9,504, na Pell haitoshi. Huko mgeni mpya atumie mwaka wa kwanza kwa masomo yasiyo na krediti, kama Kiingereza na elimu ya watu wazima, ambayo vyuo vya jamii vya California vinatoa bila ada. Siku ya mwaka mmoja na siku moja ikifika, anaingia kwa $46 na Kiingereza chake kimekwisha kunyooka.

Aliye chini ya miaka 24, hajaoa wala kuolewa na hana mtoto, kwa kawaida atatakiwa kuweka taarifa za wazazi kwenye FAFSA hata kama wazazi wako Bujumbura. Hawahitaji namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani kwa hilo.

Ushahidi, na karatasi moja ya kuiogopa

Ofisi hupima mambo mawili: umekuwepo, na umenuia kubaki. Kuwepo kunaonyeshwa na mkataba wa pango, bili za umeme, hati za mshahara. Nia inaonyeshwa na leseni ya udereva ya jimbo hilo, usajili wa gari, na kodi ya mapato uliyojaza kama mkaazi wa jimbo. Mtu mwenye leseni ya Ohio, namba za gari za Indiana na pango la Texas ni mguu ndani mguu nje, na atakataliwa. Badilisha leseni wiki ya kwanza, kwa sababu muda huhesabiwa kurudi nyuma kutoka tarehe iliyowekwa na chuo. California ni siku moja kabla muhula haujaanza, Texas ni siku ya kuhesabu wanafunzi. Ukipungukiwa siku tatu, umesubiri muhula mzima. Anayeishi kwa ndugu bila mkataba aulize kama chuo kinapokea hati ya kiapo ya mwenye nyumba.

Katika orodha za ushahidi za vyuo vingi utakuta pia kadi ya usajili wa mpiga kura. Asiye raia asiiguse. Kujiandikisha kupiga kura kwa kudai uraia kunaweza kukufungia uraia maisha yako yote na hata kukufukuzisha nchini. Unapochukua leseni utaulizwa kama unataka kujiandikisha, na mtu asiyeelewa vizuri hujibu ndiyo kwa adabu tu. Jibu ni hapana. Chuo kitatosheka na karatasi nyingine.

Vivyo hivyo anwani ya kuazima. Kuandika nyumba ya rafiki iliyo ndani ya wilaya ya chuo wakati unaishi nje kunaweza kukuletea deni la tofauti yote ya nyuma, na kwa asiye raia, uongo kwenye fomu ya serikali unaweza kuibuka tena siku ya mahojiano ya uraia.

Kabla ya kujiandikisha

Kama mpango wako ni kuhamia chuo kikuu baada ya miaka miwili, uliza na kanuni ya huko. Massachusetts miezi sita inatosha kwa chuo cha jamii, lakini vyuo vikuu vya umma vinataka mwaka. University of California inachunguza kama kijana anajitegemea kifedha, jambo ambalo chuo cha jamii huenda hakikulifuatilia. Na askari walio kazini katika jeshi la Marekani, wakiwemo vijana wetu wengi waliojiunga kwa kadi ya kijani, wao na wategemezi wao wana haki kwa sheria ya shirikisho kulipa bei ya mwenyeji katika vyuo vya umma vya jimbo walikopangiwa. Wengi hawaiombi.

Ukipewa barua inayosema wewe si mkaazi, soma tarehe ya mwisho ya kukata rufaa kabla ya kusoma kiasi cha ada. Rufaa huwa na fomu yake na muda mfupi, na mtu anayeshughulikia huwa si karani wa dirishani. Peleka nakala, baki na karatasi halisi, na uombe wakutajie kwa maandishi ni ushahidi upi uliopungua, ili hata ukikataliwa muhula huu ujue cha kuleta muhula ujao.